Toka Likoni Hata Vanga: Shauri kwa Kijana Atakaye Kusoma Ng'ambo

Katika miji na vijiji vya Kwale liko swali ambalo siku hizi halikosi barazani. Kijana yumo katika chuo kikuu na akaribia kupata shahada yake ya kwanza, au amemaliza shule na kufaulu vizuri. Sasa asema ataka kwenda ng'ambo kusoma. Mama afurahi na kuhofu kwa wakati mmoja. Baba ahesabu minazi yake. Mjomba, ambaye kwa desturi ya Wadigo neno lake lilikuwa zito katika mambo ya mali na ya watoto wa dada yake, aombwa shauri, naye anyamaza, kwa kuwa mambo ya viza na karo za Ulaya hayakuwamo katika ujana wake.

Makala haya yameandikwa kwa ajili ya watu hao wote wanne. Lakini hatutaanza na ramani ya Ulaya wala ya Marekani. Tutashika njia ya kusini, toka kivuko cha Likoni hata Vanga karibu na mpaka wa Tanzania, na kila kituo kitatupa shauri lake. Maana mtu asiyejua nyumbani kwake kuna nini na kumekosekana nini, ni vigumu kwake kujua aendako akatafute nini.

LIKONI: NJIA SI MOJA

Atokaye Mombasa kwa miguu kwenda kusini huvuka Likoni. Asubuhi na mapema feri hujaa makarani, wachuuzi na wanafunzi wenye mikoba mgongoni, wote wamesimama bega kwa bega, na mbele yao hupita meli kubwa ziingiazo bandari ya Kilindini. Kwa miaka mingi mwenye gari naye alikuwa hana njia ya karibu isipokuwa hiyo. Mwaka 2024 barabara ya Dongo Kundu ilifunguliwa yote, na sasa gari laweza kutoka upande wa Miritini likafika Kwale bila ya kupanda feri. Bahari ni ile ile, na upande wa pili ni ule ule, lakini njia zimekuwa mbili.

Elimu ya juu nayo ilikuwa na kivuko kimoja. Makerere ilianzishwa Uganda mwaka 1922, na kwa muda mrefu kijana wa Kenya aliyetaka masomo ya juu alitazama huko. Akikosa nafasi, safari yake ilikuwa karibu imekwisha. Ndiyo sababu mwaka 1959 Tom Mboya alipowasafirisha kwa ndege wanafunzi 81 kwenda Marekani, jambo hilo lilitikisa nchi nzima. Kufikia mwaka 1963 vijana wapatao 800 wa Afrika Mashariki walikuwa wamekwenda kwa mpango huo. Wangari Maathai, ambaye mwaka 2004 alipewa Tuzo ya Nobel ya Amani, alikuwa miongoni mwa waliosafiri mwaka 1960.

Hapa Pwani twaye Profesa Ali Mazrui, aliyezaliwa Mombasa mwaka 1933. Matokeo yake ya mtihani wa Cambridge hayakutosha kumwingiza Makerere. Alishika kazi ya ukarani katika Taasisi ya Elimu ya Kiislamu ya Mombasa, na mwaka 1955 akapata msaada wa serikali wa kwenda Huddersfield, Uingereza, kumalizia masomo yake ya sekondari. Toka huko aliingia Chuo Kikuu cha Manchester, kisha Columbia katika jiji la New York, na mwisho Oxford. Baadaye alirudi Afrika Mashariki akawa profesa katika Makerere ile ile ambayo ujanani hakuweza kuipata. Alipofariki mwaka 2014 mwili wake uliletwa Mombasa ukazikwa kwa wazee wake, karibu na Fort Jesus.

Habari hii yafaa kumtia moyo kila karani na kila mwanafunzi aliyekosa alama. Hata hivyo yatufundisha jambo la pili. Vijana wa wakati ule walikwenda ng'ambo kwa kuwa nyumbani hapakuwa na nafasi. Leo hapa Pwani viko Chuo Kikuu cha Pwani huko Kilifi na Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa, ambavyo vyote vilipewa hati zao za chuo kikuu mwaka 2013, mbali na vyuo vya Nairobi na kwingineko. Kwa hiyo kusafiri siku hizi ni jambo la kuchagua. Na mwenye kuchagua yampasa ajiulize: je, somo hili nililolipenda halipatikani hapa? Na kama lapatikana, je, tofauti ya ubora yalingana na tofauti ya gharama?

Kwa wengi jibu la busara ni hili: shahada ya kwanza isomwe nchini, na ng'ambo iwekwe kwa shahada ya pili au ya tatu. Misaada mingi mikubwa hutolewa katika ngazi hizo. Chevening ya Uingereza humlipia mtu shahada ya pili ya mwaka mmoja, nayo hutaka awe amefanya kazi miaka kama miwili kwanza, na akimaliza arudi kwao akae angalau miaka miwili. Misaada ya Jumuiya ya Madola, iliyoamuliwa katika mkutano wa Oxford wa mwaka 1959, nayo huwasaidia hasa wasomao shahada za juu. Vivyo hivyo shirika la Wajerumani la DAAD, ambalo limekuwako tangu mwaka 1925. Aliyesoma nchini kwanza huenda huko akiwa mtu mzima, ajua kazi, na gharama kubwa hailipwi na baba yake.

KWALE MJINI: KARATASI KWANZA, NAULI BAADAYE

Tukipita Ng'ombeni na Waa, mahali penye shule zinazojulikana Pwani nzima, twafika Kombani. Hapo barabara yajigawa, na ya mkono wa kuume yapanda Milima ya Shimba hata mji wa Kwale. Hewa yageuka na kuwa ya baridi kidogo. Msitu wa Shimba, uliotengwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 1968, ndio makao ya mwisho ya palahala katika Kenya, yule mnyama mwenye pembe ndefu zilizopinda kurudi nyuma. Kwale ni mji wa ofisi, na yafaa hapa tuzungumze habari za karatasi.

Kijana akisha kupata jina la chuo asikimbilie kutafuta nauli. Kwanza athibitishe kwamba chuo hicho chatambuliwa na serikali ya nchi kilimo, kisha aulize katika Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu hapa Kenya kama shahada yake itakubaliwa atakaporudi. Si kila jengo lenye kibao cha chuo kikuu ni chuo kikuu. Kuuliza mapema humchukua mtu siku chache; kutouliza kwaweza kumpotezea miaka minne.

Pili, kazi nyingine zina mlango wa pili baada ya shahada. Aliyesoma udaktari ng'ambo hufanya mtihani wa Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno la Kenya kabla ya kuruhusiwa kuanza mazoezi ya kazi hospitalini. Mhandisi hana budi kuandikishwa na Bodi ya Wahandisi, na atakaye kuwa wakili hapa nchini hupitia Chuo cha Sheria cha Kenya, ambacho kina masharti yake. Kwa hiyo mwanafunzi wa udaktari, uuguzi, uhandisi au sheria aulize baraza la kazi yake kwanza, na jibu alitake kwa maandishi.

Tatu, ajue fedha za nyumbani zafika wapi. Kaunti ya Kwale ina mpango wake wa kuwalipia watoto karo, uitwao Elimu ni Sasa, nao umewasomesha vijana wengi wa shule za sekondari na vyuo tangu serikali za kaunti zilipoanza kazi mwaka 2013. Bodi ya Mikopo ya HELB, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1995, huwakopesha wanafunzi wa vyuo vikuu. Lakini mikopo na misaada ya nyumbani kwa kawaida haimfuati mwanafunzi Ulaya au Marekani. Akiondoka, aiache nyuma. Basi thamani ya msaada huo iandikwe katika hesabu ya gharama za safari, kwa maana mtu aachapo fedha alizokuwa azipate, ni sawa na kuzitumia.

TIWI NA DIANI: SHAMBA HUUZWA MARA MOJA

Tukishuka tena barabara kuu twapita Tiwi, na baadaye Ukunda, kisha tukageuka mkono wa kushoto kuelekea bahari, hapo ndipo Diani. Mchanga wake mweupe wajulikana Ujerumani na Italia. Panapo mdomo wa mto Mwachema uko msikiti wa kale wa Kongo uliozungukwa na mibuyu, na upande wa kusini uko msitu wa Kaya Kinondo, mmoja wa misitu mitakatifu ya Wamijikenda iliyoingizwa na UNESCO katika Urithi wa Dunia mwaka 2008. Katikati ya msikiti na kaya zimejipanga hoteli, moja baada ya moja.

Ardhi ya hapa ina bei, na kwa sababu hiyo ina hatari. Baba mwenye ekari tatu za minazi na mikorosho akiambiwa kwamba mwanawe amepata nafasi ya chuo cha ng'ambo, wanunuzi hawako mbali. Maneno husemwa kama haya:

"Baba, tuuze kipande cha huku chini. Nikimaliza nitanunua kikubwa zaidi."

"Mwanangu, na karo ya mwaka wa pili itatoka kipande gani?"

Jibu la baba huyo ni elimu kamili. Wahenga walisema bandu bandu huisha gogo. Karo ya mwaka wa kwanza huuza upande wa chini, ya mwaka wa pili huuza upande wa juu, na mwaka wa tatu kijana yuko nchi ya kigeni bila ya karo, na wadogo zake wako nyumbani bila ya shamba. Mnazi huzaa kwa miaka mingi, nao umemlisha babu na mjukuu. Ukiuza shamba la Diani leo, kwa mshahara wa karani au wa mwalimu huwezi kulirudisha.

Hatusemi kwamba ardhi haiuzwi kamwe kwa ajili ya elimu. Twasema hivi: gharama zote za masomo, toka mwaka wa kwanza hata wa mwisho, zijulikane na chanzo chake kijulikane, kabla ya mti mmoja kutolewa. Tutoe mfano. Vyuo vikuu vingi vya serikali huko Ujerumani havitozi karo, na habari hiyo imewavuta vijana wengi. Lakini ili kupata viza, kwa kiwango kilichowekwa mwaka 2024, mwanafunzi asiye na msaada hutakiwa aonyeshe euro 11,904 katika akaunti maalumu kwa matumizi ya mwaka mmoja. Hizo ni zaidi ya shilingi 1,500,000 za Kenya. Tena jimbo la Baden-Württemberg, tangu mwaka 2017, huwatoza wanafunzi watokao nje ya Ulaya euro 1,500 kwa kila muhula. Neno "bure" halina budi kuulizwa mara mbili.

Wengine husema, "Nitafanya kazi huku nikisoma." Kazi ipo, lakini ina mpaka. Nchini Uingereza mwanafunzi wa shahada mwenye viza huruhusiwa kwa kawaida saa 20 kwa juma wakati wa muhula. Marekani saa ni hizo hizo, na kazi iwe ndani ya chuo chenyewe. Mshahara wa saa 20 waweza kusaidia chakula. Karo ya chuo hauiwezi. Naye avukaye mpaka huo ahatarisha viza yake.

Kisha wako mawakala. Wakala mwema hueleza, huonyesha barua za chuo chenyewe, na fedha za karo huachwa zilipwe moja kwa moja katika akaunti ya chuo. Wakala mbaya huahidi viza, jambo ambalo hakuna awezaye kuliahidi ila ubalozi wenyewe, hutaka fedha taslimu, na huharakisha. Misaada ya kweli kama Chevening, DAAD na ile ya Serikali ya Uturuki haimtozi mtu ada ya kuomba. Ukiombwa malipo ili upewe msaada, jua kwamba mwenye kusaidiwa ni yule aombaye.

Hata jina la serikali lisimwondolee mzazi wajibu wa kuuliza. Kaunti ya Uasin Gishu ilianzisha mwaka 2021 mpango wa kupeleka vijana vyuo vya Finland. Wazazi walilipa fedha nyingi katika akaunti ya mpango huo, na wengine waliuza mashamba na mifugo. Mwaka 2023 ilijulikana kwamba karo za wanafunzi wengi hazikufika vyuoni. Waliokuwa Finland walikabiliwa na kufukuzwa, na waliokuwa hawajaondoka walibaki Eldoret na wazazi wao wakidai fedha zao, hata jambo likafika mahakamani. Wazazi wale hawakuwa wajinga. Walikosa kitu kimoja tu: stakabadhi ya chuo kwa kila shilingi waliyotoa.

GAZI: MTU ALIYEKWENDA NA SWALI

Kusini mwa Diani barabara yapita katikati ya minazi hata kijiji cha Gazi. Mahali hapa pana jina katika historia, kwani ndipo palipokuwa makao ya Mbaruk bin Rashid Mazrui, aliyepigana na Waingereza miaka ya 1895 na 1896. Lakini leo Gazi yajulikana duniani kwa miti.

Katika ghuba yake imo mikoko ya namna nyingi: mkoko wenyewe, mchu, mlilana, muia, mkandaa na mkomafi. Miaka ya 1970 sehemu kubwa ilikatwa iwe kuni za viwanda, na mahali pengine pakabaki tope tupu. Samaki wakapungua, maana watoto wa samaki hukulia katika mizizi ile. Hapo ndipo yalipotokea maswali: kwa nini miti hairudi yenyewe, na ipandwe vipi ili ishike?

Mtaalamu mmoja Mkenya, Dakta James Kairo wa Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi, alishughulika na maswali hayo. Alisoma mpaka akapata shahada ya udaktari katika Chuo Kikuu cha Vrije huko Brussels, Ubelgiji, mwaka 2001, na kitabu chake cha utafiti kilihusu mikoko ya Kenya na namna ya kuirudisha. Kwa maneno mengine, alikwenda Ulaya akiwa na tope la Gazi katika viatu vyake. Hakwenda kutafuta cha kufanya. Alikwenda kutafuta vyombo vya kufanyia kazi aliyokwisha kuiona.

Matunda yake na ya wenzake, pamoja na wanavijiji, yaonekana. Tangu mwaka 2013 watu wa Gazi na Makongeni, kwa mpango wao uitwao Mikoko Pamoja, hulinda hekta 117 za mikoko, na kwa sababu miti hiyo huhifadhi hewa ya ukaa, hulipwa fedha na watu wa nchi za nje watakao kufidia moshi wao. Fedha hizo zimeleta maji na kusaidia shule. Mwaka 2017 Umoja wa Mataifa uliwapa Tuzo ya Equator. Mwaka 2019 mpango kama huo ukaanzishwa Vanga.

Mwanafunzi na alitie shauri hili moyoni kuliko yote katika makala haya. Aendaye ng'ambo bila ya swali hurudi na cheti. Aendaye na swali la kwao hurudi na jibu, na watu wake humngoja.

MSAMBWENI: WAO WAJA KWETU

Mbele ya Gazi ni Msambweni, mji wa wavuvi wenye hospitali kubwa. Hapa pana jambo la kumfikirisha kila kijana aaminiye kwamba elimu yote iko Ulaya. Tangu miaka ya 1980 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Case Western Reserve, cha Cleveland huko Marekani, wamekuja Msambweni pamoja na wenzao Wakenya kuchunguza kichocho. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Stanford wamewachunguza watoto wa Msambweni na Ukunda kwa ajili ya homa za dengi na chikungunya. Chuo Kikuu cha Nagasaki, Japani, kimefanya kazi Kwale pamoja na taasisi yetu ya KEMRI. Na mwaka 2025 yalitangazwa matokeo ya uchunguzi mkubwa uliofanywa Kwale na taasisi ya ISGlobal ya Barcelona pamoja na wataalamu wa Kenya: dawa ya ivermectin, walipopewa watu wa vijiji kwa miezi mitatu mfululizo, ilipunguza maambukizo mapya ya malaria kwa asilimia 26 kwa watoto wa miaka 5 hata 15.

Watu hao walivuka bahari kuja kwetu kwa kuwa hapa pana jambo la kujifunza. Mwanafunzi wa Kwale ajuaye Kidigo au Kiduruma, ajuaye mito ambamo watoto huoga na nyumba ambamo mbu hukaa, ana mtaji ambao mwanafunzi wa Cleveland hana. Basi autumie. Akiwa chuoni nchini, atafute kazi ndogo katika uchunguzi kama huo, hata iwe ya kuandika majina ya wagonjwa au kubeba chupa za maji ya mto. Asome yaliyoandikwa juu ya kijiji chake. Kisha amwandikie profesa wa ng'ambo barua fupi yenye adabu, amweleze aliyoyaona na ambalo angetaka kulichunguza. Masomo ya shahada ya tatu mara nyingi hupatikana kwa njia hiyo, na gharama zake hulipwa na uchunguzi wenyewe.

Neno jingine lahusu nchi ya kwenda. Vijana wa Pwani tangu zamani wamefuata elimu Hijazi, Hadhramaut, Misri na Sudani, na siku hizi wengi huenda pia India, Uturuki na Malaysia, ambako mara nyingi gharama ni ndogo kuliko za Uingereza. Njia hizo ni njema, lakini hali ya nchi itazamwe. Vita vilipozuka Khartoum tarehe 15 Aprili 2023, wanafunzi wa Kenya walilazimika kuhamishwa masomo yakiwa katikati. Mwaka uliotangulia, vita vya Ukraine vilikuwa vimewatoa wanafunzi wengi wa Kiafrika, na wengi wao walikuwa wakisoma udaktari. Hakuna ajuaye ya kesho. Hata hivyo mwenye busara hujiandikisha katika ubalozi wetu mara afikapo, na huweka nakala za vyeti na za alama zake kwa ndugu aliye nyumbani.

Pia lugha iulizwe mapema. Apewaye msaada wa Uturuki kwa kawaida husoma Kituruki mwaka mzima kabla ya somo lake. Huko Ujerumani shahada nyingi za kwanza husomeshwa kwa Kijerumani. Kijana wa Diani aliyezoea kuzungumza na wageni wa hoteli ana mwanzo mzuri; lakini Kijerumani cha kuuza vinyago na Kijerumani cha kuandikia mtihani ni lugha mbili.

NGULUKU NA MAUMBA: SOMO LIISHILO NA SOMO LIDUMULO

Upande wa bara, katika vilima vya Maumba na Nguluku, kampuni ya Base Titanium ilichimba mchanga wenye madini. Shehena ya kwanza ilisafirishwa mwaka 2014, na uchimbaji ulikoma mwishoni mwa mwaka 2024 kwa kuwa madini yalikwisha. Katika miaka hiyo kazi ilikuwa nyingi, na vijana wengi walisema watasoma mambo ya migodi.

Mgodi wa miaka kumi ni mfupi kuliko maisha ya kazi ya mtu mmoja. Aliyejifunza kuendesha mtambo mmoja tu wa Nguluku sasa atafuta pa kwenda. Aliyejifunza umeme, mitambo, elimu ya udongo au hesabu za fedha aweza kufanya kazi bandarini, shambani au katika mgodi mwingine, na yule wa udongo aweza kusaidia kuirudisha ardhi ile iliyochimbwa iwe ya kulimika. Vivyo hivyo, wazee wakumbuka kiwanda cha sukari cha Ramisi, kilichofungwa mwaka 1988. Basi kijana asichague somo la ng'ambo kwa kutazama kazi moja iliyopo leo. Achague somo ambalo mizizi yake yaweza kuhamishwa.

VANGA: MAREJEO

Tukipita Ramisi na Lunga Lunga, njia yatushusha hata Vanga. Mikoko yauzunguka mji, na maji yakijaa hufika karibu na nyumba. Ng'ambo ya pale ni Tanzania. Mitumbwi huondoka alfajiri na kurudi na upepo wa mchana. Hakuna mvuvi wa Vanga atwekaye tanga bila ya kujua atarudi na upepo gani.

Mwanafunzi naye aondoke akijua marejeo yake. Akae na baba, mama na mjomba, na waandike pamoja mambo manne: nakwenda kusoma nini na kwa nini hakisomwi hapa, chuo na shahada yake vimethibitishwa na nani, fedha za kila mwaka zatoka wapi bila ya kugusa shamba linalowalisha wengine, na nikirudi, nitafanya kazi gani na kwa kibali cha baraza gani. Karatasi hiyo ikijaa pande zote nne, na aende, na dua za wazee zimfuate. Pakiwa na pengo, asubiri mwaka mmoja. Chuo kizuri kitakuwako mwakani.

Si lazima kila mmoja arudi kukaa kijijini. Wengine watafanya kazi Nairobi, wengine watabaki huko huko na kuleta fedha na maarifa nyumbani, na wote ni watu wetu. Lakini mahali pa kurudi pasiuzwe kwa ajili ya safari. Mabaharia wa pwani hii wametuachia neno: mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani.